Waya kwenye kompyuta ya baiskeli si ushamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowaumiza mfukoni waendesha baiskeli wa Moshi na Arusha. Mteja akiingia dukani kuulizia kompyuta ya baiskeli, yaani kile kisanduku kidogo cha usukanini kinachoonyesha mwendo na umbali, hupewa jibu moja: chukua isiyo na waya, ya waya imepitwa na wakati. Haichukui muda mrefu mashine imegeuka pambo. Si kwamba zisizo na waya ni mbovu. Tatizo ni kwamba huuzwa kwa mtu asiyezihitaji, bila kuelezwa zinataka nini. Kwa mwenye baiskeli moja, anayetoka Majengo kwenda kazini kila siku au anayepanda Kibosho Jumamosi, rai yangu ni anunue ya waya. Ikiharibika, inatengenezeka hapahapa.

Kwa ndani aina hizi mbili ni ndugu. Sumaku hufungwa kwenye spoku ya gurudumu la mbele, na sensa, yaani kitambuzi kinachoihisi sumaku hiyo, hufungwa kwenye mguu wa foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Ndani ya sensa mna kibomba cha kioo chenye ndimi mbili nyembamba za chuma zisizogusana. Sumaku ikipita, ndimi hugusana, ikiondoka huachana. Kompyuta huhesabu migusano hiyo na kuizidisha kwa mzingo wa tairi. Basi. Kwenye ya waya, habari hupita katika nyuzi mbili hadi usukanini na sensa haina betri kabisa. Kwenye isiyo na waya, sensa inabeba betri na redio yake.

Redio hizo ziko za namna mbili, na hapo ndipo wauzaji wanaponyamaza. Za bei nafuu ni za analogi: sensa hutoa mpigo usio na utambulisho, na kompyuta hupokea mpigo wowote unaoifikia. Uwezo wake kwa kawaida ni sentimita 60 hadi 70 tu. Watu wawili wakiendesha bega kwa bega, kompyuta ya mmoja yaweza kuhesabu gurudumu la mwenzake. Taa ya LED iliyofungwa karibu nayo, hasa ile ya kuwakawaka, huichanganya. Unasimama kwenye taa za barabarani nayo inaonyesha kilomita 40 kwa saa. Nyaya kubwa za umeme zinazopita juu ya barabara nazo huleta vurugu hiyohiyo. Namna ya pili ni ya dijitali, ANT+ au Bluetooth (mitindo miwili ya redio za masafa mafupi), zote kwenye gigahezi 2.4. Kila sensa ina namba yake, unaitambulisha kwa kompyuta mara moja, na haitasikiliza ya jirani. Hiyo ni mashine nzuri. Bei yake nayo ni nyingine.

Kuna jambo moja ambalo maboksi hayalielezi vizuri. Sumaku inatakiwa ipite karibu sana na sensa, milimita 5 au pungufu kwa nyingi. Sasa chuchumaa mbele ya baiskeli ulitazame gurudumu: spoku zimetanuka chini kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, halafu zinakusanyika katikati kadiri zinavyoelekea rimu. Maana yake nafasi kati ya spoku na mguu wa foku ni finyu kule chini, na juu ni pana. Kwenye baiskeli ya mlimani yenye foku pana, ukiifunga sensa juu, sumaku haiifikii. Mwenye waya hana shida: huishusha sensa kuelekea habu mpaka nafasi itimie, maana waya unafika. Mwenye analogi kwenye baiskeli ya inchi 29 yenye shokapu amebanwa pande mbili. Akiishusha sensa, redio haifiki usukanini. Akiipandisha, sumaku haifiki kwenye sensa. Mashine haina kosa lolote, ila kwa baiskeli ile haifai. Kabla ya kulipa, pima kwa futi kutoka mahali kompyuta itakapokaa hadi mahali spoku inapokaribia foku. Ukipata zaidi ya sentimita 60, achana na analogi.

Kukaa chini kuna faida nyingine. Ukishuka Kibosho kwa kilomita 50 kwa saa, gurudumu la inchi 26 linazunguka karibu mara 7 kwa sekunde. Sumaku iliyo karibu na rimu hupita mbele ya sensa kwa kasi kubwa kuliko iliyo karibu na habu, na zile ndimi za chuma hukosa muda wa kugusana. Kwa hiyo namba ikipotea kwenye mteremko tu na kurudi kwenye tambarare, usikimbilie kununua betri. Sogeza sumaku karibu na sensa, au shusha zote mbili.

Waya nao una adui zake. Hukatika sehemu mbili: pale usukani unapogeukia, na pale foku ya shokapu inapopanda na kushuka. Sababu karibu kila mara ni fundi kuuvuta ukakaza ili upendeze. Uanzie chini, upitishe nyuma ya mguu wa foku ili majani na vijiti visiukamate, kisha uuzungushie kebo ya breki ya mbele, mzunguko mmoja kila sentimita 3 au 4. Kebo ya breki tayari imeachiwa ulegevu unaotosha mwendo wa foku, hivyo waya utaufuata. Kabla ya kukaza vibano vya plastiki, inua baiskeli upande wa mbele ili shokapu inyooke yote, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Usivutike popote. Wala usilegee kiasi cha kuingia kwenye spoku.

Ikigoma kusoma, kutafuta kosa ni kazi ya dakika kumi. Ichomoe kompyuta kwenye kikalio chake, utaona vituo viwili vya chuma mgongoni. Viguseguse vyote kwa pamoja, harakaharaka, kwa kipande cha waya. Namba ya mwendo ikitokea, kompyuta ni nzima. Kisha tazama kikalio: jasho, mvua ya masika na vumbi huacha utando kwenye pini, nao hutoka kwa kifutio cha penseli. Bado? Weka multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, kwenye pini mbili za kikalio, upande wa kupima mwendelezo, upitishe sumaku mbele ya sensa. Ikilia kila sumaku inapopita, waya na sensa ni vizima. Ikinyamaza, pinda waya taratibu kuanzia juu kwenda chini huku sumaku imetulia mbele ya sensa. Itakapolia ghafla ndipo palipokatika. Kata hapo, menya, unganisha kwa risasi, funika. Nyuzi hizo hazina chanya wala hasi, kwa hiyo hata ukizibadilisha hukosei. Fundi redio yeyote pale sokoni anaifanya. Sensa ya redio ikiingia maji, mara nyingi ni ya kutupa, na kuipata peke yake bila kununua seti nzima ni shida.

Betri nyingi ni CR2032, ile bapa ya volti 3. Ya waya hutumia moja, isiyo na waya mbili, na ya sensa huishi kwenye tope. Paka Vaselini kidogo kwenye mpira wa kifuniko kila unapofungua. Pima betri hata ikiwa mpya kutoka kwenye pakiti: iwe volti 3 au zaidi kidogo, ikiwa chini ya 2.8 irudishe. Kabla ya kuitoa kwenye kompyuta, andika jumla ya kilomita na namba ya mzingo, kwa sababu mashine nyingi hufuta kumbukumbu. Na nisisitize hili kwa wazazi: betri hizi zikimezwa na mtoto huunguza umio ndani ya saa mbili tu. Kuukuu zisiachwe mezani. Mtoto akimeza, apelekwe hospitali papo hapo.

Nani basi anunue isiyo na waya? Mwenye baiskeli mbili au tatu anayetaka kompyuta moja izisome zote, mtu anayefuatilia mapigo ya moyo na mizunguko ya pedeli, na anayeifungua baiskeli kila wiki kuipakia kwenye gari. Hao wachukue ya dijitali. Ziko sensa zake zinazofungwa kwenye habu bila sumaku yoyote, na tope la Machame haliziathiri. Zile za GPS, zinazopima kwa satelaiti, ni nzuri kwa ramani, ila zinahitaji kuchajiwa, na chini ya miti minene mwendo zinaouonyesha huyumba.

Ila uchague yoyote, kosa kubwa kuliko yote halihusu waya. Ni namba ya mzingo. Tairi ya 26 x 1.95 ina takriban milimita 2050. Ya 700 x 25 ni 2105. Ya 29 x 2.1 ni 2288. Kompyuta iliyoachwa kwenye 2050 ikafungwa baiskeli ya 29 itakuonyesha 26.9 wakati unakwenda 30. Kutoka Arusha hadi Moshi, kama kilomita 80, itakuandikia chini ya 72. Jedwali la boksi ni la kuanzia tu. Jaza upepo unaotumia siku zote, weka valvu chini kabisa, piga alama ya chaki sakafuni. Panda baiskeli, maana uzito wako huipunguza tairi, na mwenzako akushikilie. Sogea mbele taratibu, mstari ulionyooka, hadi valvu izunguke mara tatu na kurudi chini. Piga alama ya pili, pima, gawanya kwa tatu. Ukipata mita 6 na sentimita 18, namba yako ni 2060. Ukibadili tairi, pima tena.

Na gurudumu likitolewa kuzibwa pancha, litazame linaporudishwa. Likirudi limegeuzwa, sumaku inakuwa upande usio na sensa, na hapo watu hununua kompyuta mpya bure.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Mwambieni mteja kama redio ni ya analogi au ya dijitali, muulizeni ukubwa wa tairi na kuingiza namba mbele yake, na mnapoagiza mzigo agizeni pia sensa na vikalio vya kuuza kimoja kimoja.

Fundi baiskeli,
Moshi