Jumamosi tunarusha roketi

Wazazi wenzangu na vijana, habari za jioni. Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane uwanjani, upepo ukiwa bado umetulia. Gundi ya mapezi iwe imekauka tangu usiku.

Nawasihi sana: kabla ya kuingiza parachuti, tangulizeni ile karatasi isiyoshika moto. Safari iliyopita niliisahau, parachuti ikayeyuka ikawa donge, roketi ya mwanangu ikajichimbia kwenye nyasi. Alilia, nami iliniuma.

Tutatumia injini za A8-3. Hiyo 3 ni sekunde tangu baruti ya kusukuma iishe hadi parachuti itoke. Tukianza kuhesabu, kila mtu awe mita 5 au zaidi kutoka kwenye roketi. Isipowaka, tunachomoa ufunguo wa usalama wa kifaa cha kuwashia na kusubiri sekunde 60 ndipo tusogee. Betri naleta mimi.