Mhariri, na Aliir Aliir mtuandikie

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Kila nikifungua kurasa zenu za michezo ni Ligi Kuu ya Uingereza, nani kaumia nyonga, nani anauzwa, mkibakiwa na kanafasi mnatupia raga, sasa kuna jamaa anaitwa Aliir Aliir, kazaliwa mwaka 1994 kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, familia yake ya Sudan Kusini, kahamia Australia akiwa mtoto na kapanda mpaka kuwa beki wa kuogopwa kwenye AFL, ligi kuu ya ule mpira wa Kiaustralia, lakini kwenu sijaona hata aya moja.

Najua mtasema wasomaji hawaujui huo mchezo. Kwani si ndo kazi yenu kutuelezea? Na msiuite raga tafadhali. Uwanja una umbo la yai na ni mkubwa kuliko wa soka, kila timu inaingiza watu 18, hakuna ofsaidi kabisa, mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya zile nguzo mbili ndefu ni pointi 6, ukipita pembeni kwenye zile fupi unaambulia 1. Alafu kuna utamu mwingine: mpira ukipigwa kwa mguu mita 15 au zaidi ukaudaka kabla haujaguswa na mtu wala ardhi, refa anapuliza, hakuna wa kukukaba, unapiga kwa raha zako. Hapo ndo kwa Aliir. Mpira unaenda kwa fowadi wa wapinzani, fowadi kashanyoosha mikono, jamaa anamuacha mtu wake mwenyewe, anakuja mbio kutoka ubavuni, anapaa na kuudaka puani kwa mwenzake.

Na huu mchezo hakuzaliwa nao, alishakuwa kijana ndo akaanza kuucheza, wakati wenzake wameanza wakiwa watoto wadogo. Akapitia klabu ya East Fremantle, mwaka 2013 Sydney Swans wakamchukua kwenye drafti akiwa chaguo la 44. Kule kijana hachagui timu, inayoshika mkia ndo inatangulia kuchagua, ukiitwa jina unafungasha begi hata kama ni upande wa pili wa nchi, na mambo ya kununuana kwa mamilioni hamna, timu zinabadilishana wachezaji au zamu za kuchagua. Mimi naona ni ukatili kidogo kwa watoto wa miaka 18, ila ndo maana timu ndogo haibaki ndogo milele.

Akasubiri mpaka 2016 kucheza mechi ya kwanza ya ligi. Mwaka huohuo akaumia goti nusu fainali, akaikosa fainali yenyewe, Sydney wakalala 89 kwa 67 mbele ya Western Bulldogs waliokuwa hawajabeba kombe tangu 1954. Hebu fikiria kukaa jukwaani siku hiyo! Msimu wa 2020 ulipoisha akahamia Port Adelaide, na msimu wake wa kwanza tu pale akaingia All-Australian, yaani kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Lakini msije mkatuandikia sifa tupu. Mwaka 2023 kwenye mechi na Adelaide, timu nyingine ya mji uleule, aligongana vichwa na mwenzake wa timu moja, akaruhusiwa kurudi uwanjani bila kufanyiwa kile kipimo cha mtikisiko wa ubongo kinachotakiwa. Klabu ikakiri kosa, ikapigwa faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake wakaambiwa wataitoa wakirudia. Kanuni inasema mchezaji aliyepata mtikisiko akae nje siku 12 kwa uchache, na wale hawavai helmeti, ni jezi isiyo na mikono na kaptula basi. Nusu faini kwa kichwa cha mtu? Mimi hiyo naiona huruma iliyoenda kwa asiyestahili, na hapo ndo ningependa mwandishi wenu achimbe, maana kichwa kinabaki na mtu hata akishastaafu.

Ligi inaanza Machi. Fainali huwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba pale uwanja wa MCG, Melbourne, kwao mchana, kwetu saa moja na nusu asubuhi, saa ambayo hakuna mechi ya Uingereza ya kuwabana.

Mdau wa michezo