Barua ya wazi kwa Dana White: tunaomba usiku mmoja tu

Bwana White,

Tarehe 14 Januari 2023 ulikaa mbele ya waandishi wa habari ukasema bingwa Francis Ngannou ameondoka UFC, kampuni yako ya mapambano ya mseto (MMA), na mkanda wa uzito wa juu umebaki bila mwenyewe. Ikatangazwa pia kwamba Jon Jones na Ciryl Gane wataugombea mwezi Machi. Nilisoma habari ile mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Bingwa hakupigwa na mtu yeyote. Mkanda ulimtoka kwenye karatasi.

Wazee wetu walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi mashabiki hatukuomba wakae. Tuliomba Jones na Ngannou wakutane usiku mmoja, raundi 5, kisha kila mmoja arudi kwake. Mpaka leo naandika, hatujaupata usiku huo, na ndio ninaokuomba kwa barua hii.

Ulitupa nusu ya jibu, nakiri. Tarehe 4 Machi 2023 Jones alimpiga Gane kabali, na pambano likaisha kwa dakika 2 na sekunde 4. Ni Gane yule yule ambaye Ngannou alimaliza naye dakika 25 Januari 2022, akiwa na goti bovu, na akashinda kwa kumwangusha chini kama mcheza mieleka, yeye ambaye dunia nzima ilimjua kwa ngumi tu. Kuna waliosema hesabu hiyo inatosha: Jones kamaliza mapema, basi Jones ndiye mkubwa. Hesabu hiyo haisimami. Mtu anayekimbizwa na simba hapimwi kwa mbio alizomkimbia fisi. Gane alikuwa Gane. Hakuwa Ngannou.

Nataka kuwa mwadilifu kwako. Umesema hadharani kwamba mlimpa Ngannou ofa ambayo ingemfanya mpiganaji wa uzito wa juu anayelipwa kuliko wote katika historia ya kampuni, kumzidi hata Brock Lesnar, bingwa wenu wa zamani. Sina sababu ya kubisha. Lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba fedha hazikuwa jambo pekee. Alitaka bima ya afya kwa wapiganaji. Alitaka awepo mtu wa kuwasemea kwenye vikao vinavyoamua mambo yao. Alitaka uhuru wa kuvaa nembo za wadhamini wake, uhuru uliokwisha mwaka 2015 mkataba wenu wa mavazi na Reebok ulipoanza kazi. Huyu ni mtoto wa Batié, Cameroon, aliyechimba mchanga utotoni. Mtu aliyeanza kufanya kazi ya kuumiza mgongo kabla hajabalehe anajua thamani ya bima kuliko wanasheria wote mliokaa nao mezani.

Na kuna kipengele kimoja ambacho mashabiki wengi hawakijui. Mpiganaji akimaliza mkataba wake huku ameshika mkanda, mkataba hujirefusha. Hebu fikiria maana yake. Aliyepoteza yuko huru kwenda zake, aliyeshinda anafungiwa ndani. Ushindi wenyewe unageuka kufuli. Ngannou alipigana na Gane kwa dola 600,000 zilizotangazwa, akaibuka mshindi, na ushindi huo ukamweka katika mkataba uleule alioshindwa kukubaliana nanyi juu yake. Akakaa, akapasuliwa goti, akasubiri muda uishe. Karibu mwaka mzima wa bingwa aliye kwenye ubora wake ulipotea hivyo.

Usinielewe vibaya kwamba ukuta unaozuia pambano hili uko nje ya UFC peke yake. Mwaka 2020, wakati Jones na Ngannou wote ni wako, pambano lilishazungumzwa na likakwama kwenye malipo ya Jones. Mwaka 2021, Ngannou alipomlaza Stipe Miocic na kumvua ubingwa, likazungumzwa tena, likakwama tena. Kwa hiyo kwanza lilikosekana kwa sababu wote walikuwa nyumba moja na hakuna aliyeweza kwenda kuuliza bei nyumba ya pili. Halafu likakosekana kwa sababu mmoja alihama. Mei 2023 Ngannou akasaini na PFL, kampuni pinzani ya MMA, na ikatangazwa kwamba hata wapinzani wake huko watalipwa si chini ya dola milioni 2. Kuanzia siku ile jibu likawa moja: hatufanyi kazi na promota mwingine.

Jibu hilo tulishalisikia. Mwaka 2007 Randy Couture, akiwa bingwa wako, alijiuzulu kwa kutaka kupigana na Fedor Emelianenko, Mrusi wa uzito wa juu aliyekuwa nje ya UFC. Mambo yakaishia kwa mawakili. Novemba 2008 akarudi, si kwa Fedor bali kwa Lesnar, akapigwa. Mwaka 2009 mkakaa na watu wa Fedor wa kampuni ya M-1. Wao walitaka mwandae mapambano yake kwa ushirikiano, ninyi mkakataa, naye akaenda Strikeforce, kampuni nyingine ya MMA. Lesnar ndiye alikuwa na mkanda wenu wakati huo. Dunia ilikuwa inaomba jambo moja tu. Juni 2010 Fabricio Werdum akamkaba Fedor ndani ya sekunde 69. Machi 2011 mkainunua Strikeforce yenyewe. Ukuta ulipoanguka, pambano lilikuwa limekwisha kufa.

Hapa ndipo ninapokuomba usikilize, kwa sababu najua hoja yako. Utasema: sisi tumeijenga UFC. Tangu 2001, iliponunuliwa kwa dola milioni 2, mkaikuza hadi ikauzwa 2016 kwa takriban dola bilioni 4. Kwa nini promota mwingine apande mgongoni mwetu avuke mto bila kulowa? Hoja ina uzito. Siipuuzi. Lakini wewe mwenyewe umeshathibitisha kwamba inawezekana. Mwaka 2003 ulimtuma Chuck Liddell kwenye mashindano ya PRIDE huko Japani, kwa wapinzani wako wakubwa kabisa. Alimpiga Alistair Overeem, kisha akapigwa na Quinton Jackson. UFC haikufa. Liddell alirudi nyumbani, akawa bingwa, akawa uso wa mchezo mzima.

Tarehe 26 Agosti 2017 Conor McGregor, akiwa ndani ya mkataba wako, aliingia ulingoni Las Vegas kupigana na bondia Floyd Mayweather. Mayweather alikuwa na kampuni yake ya mapambano. Mkakaa, mkagawana, mkasaini. Kama iliwezekana kumtoa mpiganaji wako nje ya kizimba, nje ya mchezo wake kabisa, akapigane ndondi chini ya sheria za watu wengine, inashindikana vipi kumkutanisha Jones na mtu wa uzito wake kwa sheria zilezile unazozitumia kila wiki?

Wenzenu wa ndondi, pamoja na uchafu wao wote, wana kitu kimoja cha kuwazidi: mkanda si mali ya promota. Ni wa vyama vya ndondi, yaani WBC, WBA, IBF au WBO, na bondia akihama anaondoka nao. Ndiyo maana tarehe 8 Juni 2002 Lennox Lewis wa HBO na Mike Tyson wa Showtime waliweza kukutana Memphis, na televisheni mbili zilizokuwa hasimu zikauza pambano moja. Marekani ina sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali inayomlazimu promota amwambie bondia anavuna kiasi gani kwenye pambano lake. Sheria hiyo haimgusi mpiganaji wa MMA. Ningeweza kuwaandikia wabunge wao kuhusu hilo, na wapo wanaofanya hivyo. Mahakama nayo imechukua miaka zaidi ya 10 tangu wapiganaji wafungue kesi mwaka 2014 hadi malipo ya dola milioni 375 kukubaliwa. Mpiganaji hana miaka 10. Wewe unahitaji kalamu tu.

Ngannou alizaliwa Septemba 1986, Jones Julai 1987. Juni 2025 ulitangaza kwamba Jones amestaafu, na wiki chache baadaye mwenyewe akasema amerudi kwenye orodha ya wanaopimwa dawa zilizokatazwa michezoni, ili aweze kupigana tena. Ngannou amemwangusha sakafuni Tyson Fury huko Riyadh katika ndondi, ingawa alishindwa kwa pointi, akamlaza Renan Ferreira raundi ya kwanza aliporudi kwenye MMA Oktoba 2024. Hawa si vivuli bado, ila jua linaelekea magharibi, na wewe uliyeona yaliyompata Fedor unalijua hilo kuliko mimi.

Ninachokuomba ni mkataba wa pambano moja. Kaa na Ngannou na yeyote atakayekuwa na haki juu yake, mgawane mapato kama mlivyogawana na Mayweather, pambano likiisha kila mtu achukue chake. Mkanda wako usiweke mezani kama unaogopa utaondoka nao, hatukuuomba. Na katika mikataba mnayoandika sasa, kifute kile kipengele cha kumrefushia bingwa. Mpiganaji aliyemaliza idadi ya mapambano aliyosaini, akiwa na mkanda kiunoni, apewe mkono wa heri na ruhusa ya kwenda kusikiliza ofa nyingine kisha arudi kama anataka. Wengi watarudi. UFC ndiyo nyumba kubwa, nani hajui?

Liddell na Wanderlei Silva, nyota wa PRIDE, tuliwasubiri miaka 4 tangu ile safari ya Japani, mpaka Desemba 2007, na wote wawili walifika wakiwa wametoka kupigwa. Lilikuwa pambano tamu hata hivyo. Jones na Ngannou hata likija likiwa limechelewa, nitakesha kulitazama.

Nasubiri jibu lako.