Baba Mdogo, njoo utusahihishe

Shikamoo Baba Mdogo,

Nakuandikia hadharani kwa sababu ninalokuomba linawahusu na wenzako, ninyi mliorudi kutoka Uganda mwaka 1979 mkashika majembe na biashara zenu kana kwamba mlikuwa mmesafiri tu. Kikundi chetu cha maigizo hapa Mwanza kinaandaa tamthilia mpya kuhusu Vita vya Kagera. Sitaki ifike jukwaani kabla hujaiona na kutuambia wapi tumedanganya.

Kikundi unakijua. Tumesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, hatugawani faida, na faida yenyewe haipo: kiingilio kinalipia ukumbi wa parokia, mafuta ya jenereta na nauli za waigizaji wanaotoka Igoma na Buswelu. Tungeigiza vichekesho watu wangejaa hadi mlangoni. Tumechagua tamthilia mpya, zinazoandikwa na watu wa hapa kuhusu yaliyowapata watu wa hapa, kwa sababu tusipoziandika sisi sioni nani mwingine ataziandika.

Kizazi changu kinaijua vita ile kwa hotuba. Maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, juu ya Idi Amin wa Uganda, tunayakariri tangu shule: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Tunajua daraja la Kyaka lilivunjwa, na kwamba Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979. Tunajua wananchi waliambiwa wafunge mkanda miezi 18, ingawa wazazi wetu wanasema mkanda haukulegea baada ya hapo. Kila Julai 25 tunaona mkuki na ngao vikiwekwa mnarani. Lakini yale ya katikati, kutoka Kyaka mpaka Kampala, njia ambayo wengi wenu mliikata kwa miguu, tunayaokota vipandevipande kwenye misiba, usiku, wazee mkidhani tumelala.

Kipande nilichookota kwako ni cha migomba. Ulisema mlipovuka mto mkaingia vijiji alivyokuwa amevishika Amin, mlikuta ndizi zimeiva mgombani hadi zimepasuka, hakuna wa kuzikata, ng'ombe wote wameswagwa. Ukasema tangu siku ile hujala ndizi mbivu. Mimi ndiye niliyeyaandika maneno hayo kwenye muswada, ukurasa wa tisa. Kijana anayeyasema ana kipaji, na kila mazoezi anayasema kwa machozi. Namsikiliza na moyo unakataa, kwa sababu wewe uliyasema macho makavu, unamenya chungwa, na ganda halikukatika mpaka mwisho. Nimemweleza mara nyingi. Hawezi kuliona hilo kwa maelezo yangu. Akikaa na wewe nusu saa ataliona.

Hatutakuwa wa kwanza kufanya hivi. Mwaka 1980, Los Angeles, John DiFusco, aliyepigana Vietnam, aliwakusanya waigizaji waliokuwa askari kama yeye, wakaitunga pamoja tamthilia ya Tracers kutokana na waliyoyaona wao wenyewe. Ilianzia ukumbi mdogo, mwaka 1985 ikafika New York. Na kabla yao, jirani zetu wa Kamiriithu, kule Limuru, Kenya, walijenga jukwaa lao la wazi mwaka 1977 na kuigiza wenyewe, wakulima na vibarua. Bunduki za bandia za mchezo ule zilichongwa na mtu yuleyule aliyekuwa akiwatengenezea Mau Mau bunduki za kweli miaka ya hamsini. Serikali iliufuta mchezo ndani ya wiki chache, lakini kila nikifikiria mikono ile ikirudia kazi yake mbele ya vijana, naona kwa nini watu walijaa.

Kuna lingine nataka ulijue, kwa ajili ya Mama Mdogo. Tangu 2008 Mmarekani Bryan Doerries amekuwa akiwapelekea wanajeshi tamthilia ya kale ya Kigiriki ya Ajax. Ajax ni askari shujaa aliyenyimwa heshima aliyoistahili, akarukwa na akili, akachinja mifugo akidhani ni maadui, kisha aibu ikamshinda akajiua. Mtunzi wake, Sophocles, aliwahi kuwa jemadari wa Athens, kwa hiyo alijua anaandika juu ya nani. Usomaji ukiisha, askari wastaafu na wake zao ndio wanaoanza kuzungumza, halafu ukumbi mzima. Wake wanasema waliyoishi nayo ndani ya nyumba. Mama Mdogo amekuamsha usingizini kwa miaka mingi, tena kwa kukugusa mguu na fito akiwa amesimama mbali. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo linamfanyia nini. Nataka tumuulize, akikubali.

Najua unachohofia. Jina lako halimo, la kijiji halimo, wala la kikosi. Lile la Lukaya, kule Uganda, uliloniomba nisiliseme, sikuliandika, na hakuna mtu yeyote kwenye kikundi anayelijua. Sitafuti siri za jeshi wala kumpaka mtu matope. Natafuta namna kijana wa leo atakavyosimama jukwaani akiwa mgambo aliyetolewa shambani, na wewe uliyekaa mstari wa mbele usione aibu kwa ajili yake.

Mazoezi ni Jumamosi, saa nane mchana, palepale parokiani. Muswada nimemwachia Mama Mdogo, nimeuchapa kwa herufi kubwa. Uje na yule rafiki yako wa Magu, maana mkiwa wawili mnabishana, na mkibishana ndipo mnaposema. Tutaanza na ukurasa wa tisa. Ukisema utoke, unatoka siku hiyohiyo, na onyesho litasogezwa mbele mpaka tuandike mwingine.

Mwanao