Anayejibadilishia oili ya pikapu apate na mahali pa kupeleka oili chafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi wenye pikapu huku Bonde la Kilombero tunalifanya kila mara bila kulijadili hadharani, nalo ni kujibadilishia oili ya injini wenyewe, nyumbani, bila kupeleka gari gereji. Kwa maoni yangu kazi hii iko ndani ya uwezo wa kila mwenye gari anayejua kushika spana na kusoma kitabu cha gari lake, na anayeifanya kwa uangalifu huitunza injini kuliko yule anayeacha ufunguo kwa kijana wa gereji na kwenda zake kunywa chai. Hata hivyo, kazi hiyo haihesabiki kuwa imekwisha mpaka oili iliyotolewa imefika mahali salama, na hapo ndipo wengi tunapokwama, mara nyingi si kwa ukaidi bali kwa kukosa pa kuipeleka.

Nianze na injini yenyewe. Pikapu nyingi za huku ni Toyota Hilux za dizeli, na maisha yake ni ya mzigo, vumbi na tope: magunia ya mpunga yaliyopangwa hadi kuzidi kimo cha kichwa cha gari, kiangazi ambacho filta ya hewa hujaa kabla ya wakati wake, na masika ambayo gari hutembea kwa gia ya kwanza na ya pili kutwa nzima. Vitabu vya magari hutofautisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na sidhani kama kuna pikapu ya mkulima katika bonde hili inayoweza kudai kuwa ya kundi la kwanza. Kilomita 10,000 kati ya badiliko moja la oili na jingine, zinazotajwa katika baadhi ya vitabu hivyo, ni za barabara nzuri na mzigo wa wastani. Kwa sisi, nusu ya hapo ndiyo kiasi cha busara. Wala rangi ya oili isiwe kigezo. Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa kuwa moja ya kazi zake ni kuyashika masizi na kuyabeba yasigande ndani ya injini, kwa hiyo mtu anayevuta stiki ya kupimia oili, akaona weusi na kwenda kumgombeza muuza duka kwamba amemuuzia oili feki, anailaumu oili kwa kutimiza wajibu wake.

Oili feki ipo, sikatai, na dawa yake ya kwanza ni kununua galoni ambayo lakiri yake haijaguswa, kisha kuitoboa galoni hiyo ikishakuwa tupu ili isije ikajazwa tena na kuuzwa. Ila madhara makubwa zaidi ninayoyaona huku yanatokana na oili halali iliyowekwa mahali pasipo pake. Katika maduka mengi bado inauzwa oili ya kupima kutoka kwenye pipa, ile tunayoiita namba 40, na mwenye Hilux ya turbo, yaani yenye feni inayosukuma hewa ndani ya injini, huinunua kwa sababu ni nzito na ya bei nafuu, akiamini kwamba uzito ndio ulinzi. Mhimili wa turbo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoulinda ni utando mwembamba wa oili unaopaswa kufika pale mara tu injini inapowaka. Namba zilizoandikwa kwenye galoni, kwa mfano 15W-40, zina maana yake: ile yenye herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa imeshika moto. Pembeni yake huwa kuna daraja la ubora la API, taasisi ya petroli ya Marekani, ambamo herufi C ni ya injini za dizeli, kama vile CI-4, na herufi S ni ya injini za petroli. Mambo hayo mawili yakilingana na yaliyomo katika kitabu cha gari, jina la kampuni lina umuhimu mdogo kuliko matangazo yanavyotuaminisha.

Kiasi nacho kinahitaji kuangaliwa. Hilux yenye injini ya 2KD ya lita 2.5 huchukua karibu lita 7 pamoja na filta, ilhali galoni kubwa iliyozoeleka madukani ni ya lita 5. Atakayenunua galoni moja akadhani amemaliza atagundua upungufu wakati tayari yuko chini ya gari na nati ya kumwagia oili iko mkononi.

Kuhusu kazi yenyewe, uzuri wa pikapu ni kwamba imeinuka, na mtu wa umbo la kawaida hujipenyeza chini yake bila kuinyanyua. Iegeshwe mahali tambarare, ipigwe breki ya mkono, iwekwe gia, na magurudumu yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Anayelazimika kuinua gari aliegemeze juu ya stendi imara, kwa maana gari linaloshikiliwa na jeki peke yake halilaliwi chini yake hata kwa dakika moja. Injini iwashwe gia ikiwa imetolewa, kwa dakika chache tu kisha izimwe, ili oili ilegee na itoke pamoja na uchafu wake, lakini isiachwe ikapata moto wa kuunguza mkono. Kisha, kabla ya kufungua chochote, mtu ahakikishe kwamba nati anayoitazama ni ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa sababu chini ya pikapu kuna nati nyingine za kumwagia oili, za giaboksi na za difu, na wapo waliomwaga oili ya giaboksi, wakaongeza oili mpya kwenye injini iliyokuwa imejaa, wakaharibu vyote viwili kwa mchana mmoja.

Kwenye Toyota nyingi nati hiyo hufunguliwa kwa spana namba 14. Beseni litakalokinga liwe la lita 10 au zaidi, na vitambaa viwe vya kutosha, navyo viwe matambara kweli, si khanga iliyoanikwa kambani. Oili ikiisha kuchuruzika, nati irudishwe pamoja na washa mpya, kile kipete cha kuzuia uvujaji. Washa ni kitu cha bei ndogo mno kuliko lita 7 zinazodondoka njiani kidogo kidogo. Ikazwe kwa nguvu ya mkono kwenye spana ya kawaida na iachwe hapo. Desturi ya kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kukaza zaidi ndiyo iliyoua nyuzi za sampu nyingi, na aliyeikaza hivyo huwa hayupo siku ya kufungua.

Filta ndiyo sehemu inayotaka macho zaidi. Baada ya kuitoa ya zamani, mtu aguse kwa kidole mahali inapokaa na kuhakikisha kwamba mpira wake wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kwa kuwa mipira miwili ikikaa pamoja oili yote inaweza kurushwa nje mara injini inapowaka. Mpira wa filta mpya upakwe oili safi kidogo, filta ifungwe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha iongezwe karibu robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa kwenye boksi lake. Oili mpya imiminwe pungufu kidogo ya kiasi kamili, injini iwashwe bila gia na bila kukanyagwa mafuta mpaka taa nyekundu ya oili izimike, ichunguzwe chini kama kuna uvujaji, izimwe, na baada ya kama dakika 5 stiki isomwe na pengo lijazwe. Kujaza kupita alama ya juu si ukarimu, kwani oili ikizidi hupigwa na kranki ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Sisemi haya kuwanyang'anya mafundi riziki yao. Mafundi wazuri tunao, na breki, beringi na pampu ya dizeli vinawahitaji wao, si sisi. Lakini kila mwenye gari anajua kwamba zipo gereji ambako filta hufutwa kwa kitambaa ikarudishwa kama mpya, na ambako oili hupimwa kwa makadirio ya jicho. Mtu aliyejifanyia mwenyewe hana shaka ya namna hiyo, na akiandika tarehe na kilomita katika daftari, pamoja na kutunza risiti zake, hata siku ya kuuza gari anakuwa na cha kumwonyesha mnunuzi.

Sasa limebaki beseni. Ndani yake kuna karibu lita 7 za oili nyeusi yenye masizi, chembe za metali na kemikali zitokanazo na kuungua kwa mafuta, ambazo baadhi yake hujulikana kuwa visababishi vya saratani. Tunaitumia kupaka nguzo na mbao za paa dhidi ya mchwa, tunaipaka mabanda ya kuku dhidi ya utitiri, tunaimwaga uani kutuliza vumbi, na wapo wanaoipaka mbwa mwenye upele. Yote hayo hufanywa kwa mikono mitupu, mara nyingi ya watoto. Ifakara maji ya ardhini yako karibu, visima vingi ni vifupi, na mafuriko ya masika huokota kila tulichokimwaga na kukipeleka mtoni na majarubani. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, husema kwamba oili ya badiliko moja la gari inaweza kuchafua galoni milioni 1 za Kimarekani, yaani karibu lita milioni 3.8, za maji safi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wazi kwamba anayechafua ndiye anayegharimia, nami sina ugomvi na hilo. Ugumu ni kwamba kukusanya na kusafirisha taka hatarishi ni shughuli ya wenye vibali, nao hufuata mapipa ya gereji kubwa na viwanda. Hakuna atakayekuja kijijini kufuata dumu moja. Oili hiyo ina thamani, kwa kuwa inaweza kusafishwa upya au kuchomwa katika tanuri za saruji ambazo joto lake hupita nyuzi 1,400, lakini kati ya uani kwangu na tanuri hilo hakuna daraja.

Daraja hilo linaweza kujengwa na wauzaji. Nchini Ujerumani anayeuza oili ya injini analazimika kisheria kupokea, bila malipo, oili chafu ya kiasi kilekile alichomuuzia mteja. Naomba halmashauri za miji na wilaya, kwa kushirikiana na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, zianze na maduka makubwa ya vilainishi na vituo vya mafuta: kila kimoja kiwe na pipa moja lenye mfuniko, lililokaa kivulini juu ya sakafu ya zege, na mkusanyaji mwenye kibali alipitie kwa ratiba inayojulikana. Mteja akileta dumu lake, lipokelewe pamoja na filta kuukuu iliyokwisha kuchuruzwa. Nasi wenye magari tuzingatie sharti moja bila kusubiri kuambiwa, kwamba dumu hilo lisitiwe petroli, maji ya rejeta wala mafuta ya breki, kwa sababu oili iliyochanganywa hivyo huwa ngumu kusafishwa na mkusanyaji ana haki ya kuikataa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa mpunga,
Ifakara, Morogoro