Mwalimu Nduku, anzeni na kahawa

Nairobi, Jumapili jioni

Mpendwa Mwalimu Nduku,

Salamu nyingi, na za Mama Mueni ndani yake. Sisi hatujambo, ila baridi ya huku imetukalia vibaya. Najua nimenyamaza mno na una haki ya kuninunia, lakini Wafula amenieleza jambo lisiloweza kungoja: eti unaleta Kidato cha Tatu kwenye Makavazi ya Karen Blixen, yule mwandishi Mdenmaki aliyelima kahawa hapa enzi za ukoloni, saa moja ndani ya nyumba yake, halafu mbio kwenda kwa twiga. Tafadhali, ratiba hiyo ipangue.

Nyumba yenyewe ni nzuri, sikatai. Kuta za mawe, paa la vigae, veranda pana. Aliijenga mhandisi Msweden Åke Sjögren mwaka 1912, na Karen na mumewe Bror wakainunua 1917. Lakini watoto wakianzia humo watatazama kitanda, vyombo vya mezani na ngozi za wanyama, watoke wakijua tu kwamba Mzungu fulani aliishi vizuri. Wapeleke kwanza kwenye mitambo ya kahawa. Iko nje, unafuata kijia kati ya miti, mabaki ya chuma kilicholiwa na kutu. Wageni wengi hawafiki huko, na mimi naona hapo ndipo penye historia.

Tena wako ni watoto wa Kangundo, kahawa wameikuta nyumbani! Waulize: kwenu kahawa ikishamenywa, ikachachushwa na kuoshwa, inaanikwa wapi? Watasema kwenye meza za wavu, juani, watu wakiigeuza kwa mikono siku nenda siku rudi. Sasa waambie hapa kulikuwa na pipa kubwa la chuma lililozunguka, kahawa ikiwa ndani na hewa moto ikipita. Halingojei jua, linafanya kazi hata usiku. Lakini linadai kuni, na linadai mtu asiyesinzia: moto ukizidi, punje zinapasuka na ladha inaharibika; pipa likisimama kahawa ikiwa bado mbichi, inachacha upya na kunuka, na soko linaishusha daraja. Ukitoka hapo uliza swali la pili: huyo asiyesinzia alikuwa nani, na alilipwa nini?

Shamba lilikuwa ekari 4,500, na 600 kati yake ndizo zilizopandwa kahawa. Kwa miche 600 kila ekari, wafanye hesabu wenyewe: 360,000. Kila mche unapaliliwa, unakatiwa matawi, unachumwa kwa mkono, na unangojewa miaka kama minne kabla haujazaa. Na baada ya jasho lote hilo, kahawa haikukubali. Waonyeshe kwa nini, wakiwa wamesimama palepale: mko juu ya futi 6,000, upepo unatoka nyandani, usiku wa baridi jalidi inatua mabondeni na kuunguza machipukizi, na mvua ni chache kuliko Thika au Kiambu. Bei nayo ilipoanguka, madeni yakamaliza kazi. Mwaka 1931 shamba likauzwa, aliyelinunua akalikatakata viwanja vya ekari 20, na huo ndio mtaa wa Karen wa mageti marefu mtakaoupita na basi.

Usiiache sehemu ya maskwota, Nduku. Serikali ya kikoloni iliwapa walowezi mikataba ya ardhi ya miaka 999 kwa sheria ya 1915, na Mkikuyu aliyelima kipande chake ndani ya shamba akadaiwa siku 180 za kazi kwa mwaka. Nusu ya mwaka! Nje ya nyumba mtafute meza ya jiwe la kusagia. Mezani hapo ndipo mwenye shamba alipokuwa akisikiliza shida za watu wa shambani. Wasimamishe hapo dakika kumi. Shamba lilipouzwa, watu hao walitakiwa kuhama, na Karen alihangaika kwenye ofisi za serikali hadi wakapewa mahali pa kukaa pamoja katika msitu wa Dagoretti. Yote mawili ni kweli, wema wake na sheria iliyomweka juu yao, na wanafunzi wa umri huo wanaweza kuyabeba pamoja.

Baada ya hapo ndiyo muingie ndani. Kila chumba mwulize mwelekezi: hiki ni cha enzi zile, au kililetwa na waliopiga Out of Africa, filamu ya 1985 kuhusu maisha yake? Vimechanganyika, na asiyeuliza hatajua. Denmark ndiyo iliyoipa Kenya nyumba hii mwaka 1964, zawadi ya uhuru. Ikawa makavazi 1986.

Ya njiani, haraka haraka. Vyumba ni vidogo: wagawe makundi ya watu kumi na watano, moja ndani, mengine bustanini na kwenye mitambo. Mabegi yabaki kwenye basi. Tiketi lipia kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kabla ya siku yenyewe, usibebe pesa taslimu ukidhani zitapokelewa getini. Barua ya shule yenye muhuri na orodha ya majina uwe nazo mkononi. Dereva asipite mjini. Eastern Bypass hadi Mombasa Road, kisha Southern Bypass, atoke Langata Road, apite Bomas na Hardy, aingie Karen Road. Mvua ikinyesha kijia cha mitambo ni tope, kwa hiyo viatu vya Jumapili hapana. Na mje asubuhi, vilima vya Ngong vionekane.

Sasa nijibu. Mnakuja wangapi? Mwalimu mkuu amekubali siku nzima au nusu? Twiga hawawezi kungoja hadi saa nane? Kuna mzazi au babu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa ambaye anaweza kuja nanyi akaielezee ile mitambo? Na Mutiso, bado anakataa kufundisha sura ya ukoloni, au amelegeza? Nipigie simu kabla hujalipia basi.

Wako,
Kamene