Pembe mbili za Mozart: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini katika sehemu ya kwanza ya Simfonia Na. 40 ya Mozart (1788) pembe moja (ile ala ya shaba ya kupuliza) iko B flati na nyingine G. Mchapaji hakukosea.

Pembe ya enzi hiyo haikuwa na vali, yaani vitufe vya kubadili urefu wa bomba. Vali zilianza Ujerumani miaka ya 1810. Lilikuwa bomba tupu, na mpigaji alipanda na kushuka kwa midomo na pumzi, akipata noti ambazo bomba lenyewe linazo. Ziimbe kwa solfa ya kwaya, toka chini: do, do, so, do, mi, so, te iliyolegea, do, re, mi, fa isiyo fa wala fa shapu, so. Unaona mianya ilivyo mipana huku chini? Ndiyo sababu pembe za Haydn, mtunzi wa enzi hiyo hiyo, hushikilia do na so huku fidla zikikimbia.

Ili kubadili ufunguo, yaani noti ya msingi ya pembe, mpigaji alichomoa kipande cha bomba kilichozungushwa, akachomeka kingine. Bomba la F lina takriban mita 3.7, la C ya chini karibu mita 5. Kubadilisha kunachukua muda, hivyo mtunzi huacha baa (vipimo vya muziki) kadhaa za kimya. Kipande kikiwa baridi sauti hushuka, kwa hiyo kipulizwe hewa ya moto kabla ya kuingia. Mkono ndani ya pembe nao hushusha sauti nusu hatua, ila inafifia, na watunzi wa okestra wengi waliikwepa.

Sasa swali lako. Pembe ya G inatoa B, lakini G maina, ngazi ya noti ya simfonia hii, inadai B flati. Pembe nyingine, ya B flati, inayo hiyo pamoja na F safi. Zikipokezana, zinafika mahali ambapo pembe mbili za G zisingefika. Haydn, katika Simfonia Na. 39, nayo G maina, alitumia nne: mbili za G, mbili za B flati. Mozart hapa amebana kwa mbili tu, na mimi naupenda sana ubanaji huo.

Unaposoma, pembe zote zimeandikwa kana kwamba ziko C. C ya mstari wa B flati inasikika hatua nzima chini. C ya mstari wa G inasikika G iliyo chini yake. Andika sauti halisi kwa penseli juu ya kila noti, mistari yote miwili, ndipo uisome pamoja na fidla.

Baba yako